Medius Nabasa na Wimbo Uliokwenda Msibani

Na Yeseri Tsongo, Dawati la Michezo

Tarehe 31 Agosti 2018 Bi Medius Nabasa anastaafu, baada ya miaka ishirini katika dawati la matangazo la Redio Sauti ya Mubuku. Alianza nasi mwaka 1998, siku ambazo kituo kizima kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Kasese, na mtangazaji akipiga chafya wateja wa chini walimjibu. Tangu hapo wakurugenzi wamepita, mnara umebadilishwa na jenereta mbili zimekufa. Yeye alibaki.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu, uongozi unasema, mimi ndiye niliyekaa naye kazini muda mrefu zaidi. Ukweli ni kwamba wenzangu wa habari walisema wana habari, wa muziki wakasema wana muziki, ikabaki michezo, ambayo katikati ya wiki haina kazi. Wanaonifahamu ni wale waliowahi kunisikia nikishangilia bao la Bugoye kwa niaba ya Bwera, peke yangu, mpaka fundi akanigonga begani. Basi mkikuta humu jambo lisilo sawa, mlaumuni fundi kwa kuchelewa. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa hapa kazini tuna Wakonzo, Wanyankole, Wakenya waliofuata saruji na Wakongo wa ng'ambo ya daraja, na Kiswahili ndiyo lugha tunayoikosea sote kwa usawa.

Kwanza kazi, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Mgeni akija kwetu hustaajabu kwamba kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote ni matangazo ya vifo. Sisi hatustaajabu. Katika milima hii mtu bado hajafa sawasawa mpaka redio imemsoma. Familia huteremka kutoka Mahango au Bugoye na jina la marehemu, siku ya mazishi, na majina ya ndugu wote wanaopaswa kupata habari popote walipo: yule wa kiwandani, yule aliyeolewa Bwera, yule aliyevuka mpaka na hajasikika tangu Krismasi. Matangazo husomwa mchana na jioni, na saa hizo hata kinyozi husimamisha mashine, mteja akabaki na nusu ya kichwa.

Bi Medius ndiye aliyewapokea watu hao dirishani. Upande wa nje aliweka kiti alichokileta kutoka nyumbani kwake, kwani aliona haifai mtu aliyefiwa aongee amesimama kama anayenunua stempu. Akishaandika yote, aliuliza swali moja: ni nani bado hatujamtaja? Mnajua kwa nini. Shemeji aliyesahauliwa kwenye tangazo anaweza kukaa miaka bila kukanyaga ua wa watu. Familia ilihesabu kwa vidole, yeye akangoja, na kila mara alipatikana mmoja, mjomba wa Katwe au mtoto wa nje. Tangazo likirefuka alilisoma lote bila kukimbia, kwa Kikonzo, kwa Kinyankole na kwa Kiswahili, kila jina likatoka limepigwa pasi. Wapo wazee Mahango waliosema wazi kwamba wangependa kufa wiki ya zamu yake. Mimi, nikisoma matokeo ya ligi, hata walioshinda huomba radhi.

Sasa lile ambalo nusu ya wafanyakazi wapya hawalijui, na nusu nyingine wanalijua vibaya. Bi Medius ni mwimbaji.

Alizaliwa katika kambi ya wachimbaji huko Bulembia, baba yake akiwa ametoka Ankole kuifuata shaba. Kwaya ya kanisa ilimfundisha kusimama wima. Mengine alifundishwa na klabu ya wafanyakazi, ambako mainjinia wa kigeni walipoondoka waliacha gramafoni na rundo la santuri. Humo alikutana na soul, ule muziki wa Wamarekani weusi ambamo mwimbaji huomba, hukaripia na kubembeleza katika pumzi moja. Maneno hakuyaelewa. Pumzi aliielewa. Bado msichana, akaingia Bendi ya Shaba, bendi ya mgodi, kama mwitikiaji. Mgodi ulipofungwa bendi ikafa nao, naye akaendelea kuitikia nyuma ya wengine: katika hoteli za Kasese, harusini, na katika kanda zilizorekodiwa hapa na huko Beni na Butembo. Wenye umri wangu mnaikumbuka ile sauti ya nyuma inayopanda pale mwimbaji mkuu anapoishiwa. Ni yake. Kwenye jalada imeandikwa "na waitikiaji".

Mwimbaji mkuu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ana wajukuu wanaomheshimu, alimwomba aipunguze sauti yake kidogo ili watu wasigeuke kutazama imetoka wapi. Aliipunguza. Aliendelea kuipunguza kwa zaidi ya miaka thelathini. Yeye hulisimulia hilo akicheka. Mimi silioni la kucheka, na nimecheka mambo mengi yasiyostahili.

Alikuwa amepita hamsini alipoamua. Tulikuwa tunakunywa chai, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba sukari:

"Nataka CD moja yenye jina langu mbele. Hata kama nyuma hakuna mtu."

Mwaka 2012 wote aliutumia kuitafuta CD hiyo. Alirekodi mwishoni mwa wiki katika studio ndogo mjini, na vipande vya kinanda akavimalizia hapahapa kituoni, kwenye kinanda chetu chenye funguo mbili zisizolia, akisaidiwa na fundi mitambo wetu, Swaib. Nyimbo nane, zote zake. Katika wa tano kuna mahali pa makofi, na makofi hayo yalikuwa yangu mpaka Swaib alipoyasikiliza kwa makini akayafuta. Alisema yalikuwa yanakwenda nyumbani peke yao.

Albamu ilipewa jina la wimbo wa kwanza, "Vua Viatu", nao ni ugomvi wa ndoa. Mume wake, Nasani, ana kahawa Mahango. Hupanda huko mwanzoni mwa wiki na hurudi Ijumaa na tope la mlima mzima kwenye gambuti, na huingia nalo mpaka mezani. Katika wimbo mke anamkemea: rudi nje, vua viatu, sakafu hii nimeideki jana, wewe ni mume au ni trekta? Kisha sauti inateremka. Haya, ingia hivyohivyo, umechoka, nitadeki tena. Ndiyo hayo tu. Nilipousikia mara ya kwanza nilikwenda nyumbani nikavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na mke wangu akataka kujua nimefanya kosa gani.

Kabla ya ugomvi huo kuna utangulizi. Kinanda huanza peke yake, polepole, kama cha kanisani, kisha Bi Medius huingia bila maneno. Anaguna tu, chini kabisa, kama mtu anayesikiliza nyayo nje ya nyumba. Swaib alitaka utangulizi ufupishwe. Bi Medius alikataa. Alisema mwanamke hamkemei mume kabla ya kuhakikisha kwamba aliyefika ni yeye.

Naomba mshike utangulizi huo. Ndio uliomaliza kila kitu.

Aprili 2013 alikwenda Kampala kuchukua nakala za CD. Alipokuwa huko, mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Jonan Byamugisha, aliitisha kikao. Byamugisha ni mtu mwema, nasema hivyo bila kumung'unya, na alitaka kituo kimsaidie mwenzetu ili albamu ijulikane. Swali likawa wimbo upigwe saa ngapi. Kipindi cha mchana cha muziki watu huhama wakitafuta injili. Kipindi cha michezo, alikumbusha, husikilizwa na Tsongo na mama yake Tsongo. Lakini kuna saa ambayo kuanzia Bwera mpaka Bugoye hakuna mkono unaogusa redio isipokuwa kuongeza sauti. Basi wimbo wa Medius uwekwe hapo, chini ya matangazo ya vifo. Na kwa kuwa maneno yangegongana na msomaji, uchukuliwe utangulizi peke yake, uzungushwe.

Pengine mji mwingine mtu angecheka. Hapa hakucheka mtu. Tulijua masikio ya wilaya yanakaa wapi, na tukaona tunampa mwenzetu kiti cha mbele.

Alirudi na basi la asubuhi, akaja moja kwa moja kazini, maboksi ya CD akayaweka chini ya dawati. Mchana akaingia studio, akavaa hedifoni, akafungua kipaza sauti, na kinanda chake kikaanza. Swaib alikuwa ng'ambo ya kioo. Anasema Bi Medius alimtazama kama anayetazama mtu aliyevaa nguo zake. Kisha akasoma. Siku hiyo kulikuwa na misiba kadhaa, akaisoma yote, na hakuna jina lililoteleza. Alipomaliza akaenda kwa mkurugenzi.

"Mzee, ule ni wimbo wa mume mzima," alimwambia. "Nasani yuko Mahango anapalilia."

Byamugisha alisikitika kweli. Alimweleza hesabu ya masikio, akamwomba avumilie kidogo ili watu waizoee sauti yake, na mwisho wa mwezi utangulizi utaondolewa, wimbo wote uanze kupigwa mchana kwa heshima zake. Wakakubaliana hivyo. Na watu wakaizoea sauti yake.

Mwanzoni mwa Mei mto Nyamwamba ulishuka na mawe. Walioishi hapa hawahitaji kuelezwa, na wasioishi hapa sitaweza kuwaeleza. Maji yalipita Kilembe na Bulembia, yakapita katika kambi alimozaliwa. Kwa siku zile tuliondoa michezo, tukaondoa muziki, tukawa kituo cha matangazo tu, ya waliokufa, ya wasioonekana, ya watoto waliookotwa na hawajui majina ya baba zao. Bi Medius hakutoka dirishani. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi umekwisha na kuna kipande cha muziki cha kuondolewa. Chini ya kila jina alikuwa anaguna yeye.

Siku moja mama mmoja wa Bulembia alikaa kwenye kile kiti, akataja jina la mtoto wake. Yote yalipoandikwa hakuondoka. Aliuliza kama na mwanawe atawekewa ile sauti inayoguna. Bi Medius akamwambia atawekewa.

Hapo ndipo wimbo ulipomtoka mkononi, na aliyeuachia ni yeye. Sijui kati yetu ni nani angemjibu vingine yule mama.

Uzinduzi wa albamu ulikuwa umepangiwa Bwera, nao ukafanyika Julai, katika ukumbi wa karibu na soko. Alikuwa na gauni la zambarau lililoshonwa Mpondwe. Nasani alikaa mstari wa mbele, viatu vyake viking'aa, akavionyesha kwa kila aliyepita. Mshereheshaji nilikuwa mimi, na hiyo yenyewe ni habari ya kusikitisha, lakini leo si zamu yake.

Alianza na "Vua Viatu". Kinanda kilipoingia, kofia zikaanza kuvuliwa. Alipoguna, ukumbi mzima ukasimama. Nyuma mwanamke mmoja akaanza kulia, si kilio cha muziki, kilio chenyewe, kwa kuwa Mei ilikuwa imempitia. Bi Medius akawasimamisha wapigaji, akacheka kidogo, akawaeleza watu kwamba huu ni wimbo wa mapenzi, mwenyewe yule pale, mnaona viatu vyake. Ndipo Bulandina, muuza samaki wa Bwera ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji mnara, akasema, wala si kwa ubaya:

"Mama, sema kwanza ni mutu gani amekufa, ndiyo tulie vizuri."

Wachache walicheka. Bi Medius akaanza upya, akaimba wimbo wote, makemeo na mabembelezo, akauimba kwa sauti ambayo kwa miaka thelathini alikuwa akiipunguza. Mimi sijasikia kitu kama kile, si kabla wala baada. Watu walisikiliza wamesimama, mikono imekutanishwa mbele, mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu penye kitu kile makofi hayapigwi. Nilijaribu kuuchangamsha ukumbi kwa mzaha wa mpira. Tusiendelee.

Nyimbo saba zilizobaki aliziimba kwa ukumbi uliokuwa ukitazama mlango. Baadaye Bulandina alinunua CD. Alimshika mkono Bi Medius, akamshukuru, akasema anaiweka kwa ajili ya mama yake, ambaye ni mgonjwa, na siku zenyewe haziko mbali.

Huko Bugoye kijana wa muziki aliipiga harusini bila kujua. Baba wa bibi harusi alivuka uwanja mzima kwenda kuchomoa waya. Huko Mahango mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa kuwa yalichekesha. Nasani alikuwa na nakala yake na kicheza CD cha sola, na Jumatano moja aliiweka wakati anaanika kahawa. Jua halijapanda sawasawa, majirani wakaanza kuingia uani na kuni vichwani, wengine na madumu ya maji, kama inavyofanywa kwenye nyumba iliyofiwa. Walimkuta kwenye mkeka anakula muhogo. Wakamuuliza ni nani. Akajibu kwamba, kwa jinsi alivyoelewa wimbo, itakuwa ni yeye. Hawakucheka. Waliziacha kuni, maana kuni za msiba hazirudishwi nyumbani, na mzee mmoja akamwambia taratibu kwamba jambo lile si la kuchezea.

Tangu hapo huusikiliza ndani, mlango umefungwa, sauti chini. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mke wake alimtungia wimbo wa kumwambia aingie, naye anausikiliza kama anayeficha mali ya wizi.

Ukitaka mafanikio, yapo. Hakuna mwimbaji wa Kasese anayejulikana kama yeye. Familia huja dirishani zikiomba "ule muziki" kabla hazijataja jina la marehemu. Vipaza sauti vya mazishi huubeba mpaka makaburini. Watoto waliozaliwa baada ya mafuriko wakicheza mchezo wa kuzika panzi, huguna utangulizi huo, na huuguna sawasawa, bila kukosea. Lakini hakuna anayejua kwamba baada ya kuguna kuna maneno. Wilaya nzima imesikia mwanamke akitega sikio mlangoni, na haijawahi kumsikia akimfungulia mtu. Aliandika nyimbo za albamu ya pili. Mtayarishaji mmoja alizisifia zote, kisha akamwomba, kwa adabu, atafute msichana wa kuziimba, kwani yeye mwenyewe akiisikia sauti ile alijiona yuko msibani. Makanisa humwalika. Humwalika kwenye ibada za kumbukumbu.

Mwaka 2016 tulipata mkurugenzi mpya, Bwana Arinaitwe, ambaye ndiye wa sasa na ambaye siku ya hafla ya kumuaga atakaa karibu na keki. Bi Medius alimwendea na ombi lile la Aprili 2013. Bwana Arinaitwe alimsikiliza vizuri. Alimjibu kwamba utangulizi sasa ndiyo alama ya kituo, na kuuondoa ni kama kufuta jina ukutani. Kisha akamuuliza kama angeweza kurekodi kuguna kurefu zaidi, kwa ajili ya siku zenye misiba mingi. Ndiyo mara pekee niliyomwona Bi Medius akibamiza mlango. Mlango ule kitasa chake kibovu, ukafunguka tena wenyewe, ikabidi arudi aufunge polepole, na kusema samahani.

Juni mwaka huu uongozi ulimuuliza angependa zawadi gani ya kustaafu. Alisema hahitaji kitu cha kubeba. Aliomba kuanzia Septemba matangazo yapate muziki mwingine, wasikilizaji waelezwe hewani, kwa upole, na "Vua Viatu" uachwe upumzike. Alisema labda ukipumzika miaka kadhaa, mtu fulani atauokota akiwa hajui, akaupiga harusini, na watu wakacheza. Uongozi ulijadili. Jibu likawa kwamba kinanda kilichopigwa ni cha kituo, fundi aliyerekodi ni wa kituo, na chumba ni cha kituo. Kwa hiyo utangulizi ni wa kituo na utaendelea. Atapewa godoro.

Godoro ni zuri. Nimelibonyeza.

Mhariri wa programu hii ya hafla amenionya kwamba aya hizo mbili zinaweza kuondolewa. Kama mnazisoma, basi alizidiwa na mambo ya viti na turubai, na ninamshukuru.

Swaib alimwambia Bi Medius kwamba anaweza kuufuta wimbo ule kwenye kompyuta mchana mmoja, bila kelele, kisha aseme umeme ulikatika. Kwetu umeme ni shahidi anayeaminika. Alimkataza. Alisema anataka uondolewe mbele ya watu au usiondolewe, kwa sababu yuko mama wa Bulembia aliyewahi kuuomba, na huyo haibiwi.

Wiki iliyopita, kwenye chai ya saa nne, alikabidhi ufunguo wa dawati. Bwana Arinaitwe alikuwepo, sisi sote tulikuwepo, na tulitegemea maneno ya kawaida, samahani kama nimekosea watu, na kadhalika. Alisema yote hayo. Kisha akamgeukia mkurugenzi.

"Siku yangu ikifika, mtaje wote, msiruke mutu. Lakini muziki mzime. Nasani asikie jina langu tupu."

Bwana Arinaitwe akaitika kwa kichwa. Swaib akatoka nje kuangalia jenereta, ambayo haikuwa inawaka.

Kwa hiyo, Bi Medius, hiyo ndiyo zawadi uliyopata kwetu, ukiacha godoro. Tumekubali kukunyamazia mara moja. Baada ya miaka ishirini ya kuwatafutia watu shemeji zao waliosahaulika, na nyimbo nane ambazo tulizipigisha magoti kwa nia njema, naona aibu kuandika kwamba tunakushukuru, lakini sina neno jingine na magazeti ya michezo hayakunifundisha. Asante kwa kiti cha dirishani, ambacho umetuachia. Asante kwa kusoma majina ya wazazi wangu wote wawili kama vile ulikuwa umewazaa wewe.

Nenda Mahango. Umpigie Nasani kelele za tope mpaka majirani wazisikie bila redio. Ule vizuri, ulale vizuri, uimbe mlango ukiwa wazi, na atakayekuja na kuni mpikie chai. Tunakutakia maisha mema na miaka mingi. Tangazo lako tutalisoma kama ulivyoagiza. Usituharakishe.